Sarara ya Wakwe

"Aliyemchinja huyu ng'ombe ni nani?"

Abdulatif aliacha kunoa kisu, akamtazama mteja wake. Mama Vicky alikuwa akinunua nyama kwenye bucha hii ya Mtaa wa Mchikichi tangu ilipokuwa ya marehemu baba yake Abdulatif, na muda wote huo ugomvi wake ulikuwa mmoja tu, kwamba mifupa imezidi.

"Kwani leo kuna nini, Mama Vicky?"

"Nauliza tu."

"Huko machinjioni wanachinja Waislamu, mama. Hata wewe unakula halali siku zote, ila hujui."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka. Mama Vicky, ambaye jina lake ni Clotilda, hakucheka. Aliinyoosha shingo kuangalia nyama zilizoning'inia, akasema anataka sarara, nzima, isiguswe na shoka wala isikatwe vipande.

"Nzima? Hiyo huwa wanaichukua watu wa hoteli. Leo unalisha Wazungu nini?"

"Namlisha binti yangu. Anakuja na wakwe."

Abdulatif akaacha utani. Kariakoo ni kubwa kwa wageni tu. Wenyeji wa mitaa ile walijua kwamba Victoria, binti wa Elisaria muuza spea, aliolewa na Khalfani wa duka la vitambaa, kwamba alibadili dini na sasa anaitwa Anifa, na kwamba siku ya ndoa yake wazazi wake walijifungia ndani kama watu waliofiwa. Abdulatif aliishusha ile nyama laini inayojificha chini ya uti wa mgongo, akaondoa mwenyewe ile ngozi nyeupe bila kuambiwa, akaifunga kwa karatasi mbili.

"Mwambie Anifa imetoka kwangu," alisema.

Clotilda alifungua mdomo amwambie kwamba mtoto anaitwa Victoria. Badala yake alisema asante, akaondoka na nyama yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Kwao Kibosho, binti akiolewa, mbuzi huchomwa mzima. Huyo ndiye ndafu. Huletwa mbele ya wakwe akiwa amesimama kwa miguu yake minne, majani mdomoni, na kukatwa kwake ndiko kunakowafanya watu wa koo mbili wawe ndugu. Clotilda alikuwa ameshacheza mbele ya ndafu wa mabinti wa watu wengi. Wa binti yake hakumchoma, na jambo hilo lilimkaa kooni kwa miaka mitatu. Mbuzi mzima angemweka wapi, kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Likoma? Ndipo alipofikiria sarara. Ni nyama inayoweza kuchomwa nzima, ikaletwa mezani nzima, ikakatwa mbele ya macho ya wakwe. Ndafu wa watu wa ghorofani, alijiambia, na wazo hilo lilimfurahisha kuliko alivyotaka kukubali.

Oveni alikuwa nayo, chini ya jiko la gesi, lakini hakuigusa. Krismasi iliyopita mumewe Elisaria alibanika kitimoto, nyama ya nguruwe, humo ndani, na hata ungeisugua kwa majivu wiki nzima, kilichopikwa humo kimepikwa. Clotilda anauza vyombo vya ndani, kwa hiyo alichukua dukani kwake sufuria mpya, mfuniko mpya, kisu, ubao wa kukatia, sahani na vijiko, vyote na karatasi zake. Alinunua hata jiko jipya la mkaa. Vyombo vya zamani alivifungia kwenye kabati, akaweka ufunguo juu ya friji.

Victoria alikuwa amempigia simu Alhamisi. Alizungukazunguka kwanza, akauliza habari za mvua, za Jangwani kama maji yamepungua, za miguu ya mama.

"Mama, nikikuuliza kitu usikasirike."

"Uliza."

"Masufuria."

"Mapya. Yote mapya. Hata mwiko. Nakuapia, Vicky."

Clotilda akasikia binti yake anapenga kamasi. Wote wawili walikuwa wakikumbuka Iddi iliyopita, Victoria alipokuja peke yake, mara ya kwanza tangu aolewe, akakaa ukingoni mwa kochi. Mama yake alimpikia ndizi za nyama. Alisema ameshiba. Alipobanwa na kiu alitoa chupa ya maji kwenye mkoba wake, akanywa, akairudisha. Ndizi zilikaa mezani mpaka zikaota utando. Baada ya hapo Elisaria alisema neno moja tu, kwamba mtoto anayeona kinyaa chakula cha mama yake amekwisha kuwa mgeni, na tangu siku hiyo jina la Victoria halikutajwa tena mezani kwao.

Ndiyo maana leo ilikuwa leo. Kama Victoria angekula chakula cha nyumba hii, angerudi tena. Kama asingekula, basi.

*

"Nitakaa mezani kwa sababu meza ni yangu," Elisaria alisema mchana ule, bila kuinua macho kwenye gazeti. "Lakini sishiki kitu na sisemi kitu."

"Salamu je?"

"Salamu nitaitikia. Mimi si mnyama."

"Na shati jeupe utavaa?"

Elisaria alifungua ukurasa mwingine. Clotilda alilipiga pasi shati lile hata hivyo, akalitundika mlangoni ambako asingeweza kupita bila kuligusa.

Usiku wa jana alikuwa ameilaza nyama kwenye kitunguu swaumu, tangawizi, ndimu na pilipili manga. Sasa aliifunga kwa uzi, duara moja baada ya jingine, ili isitawanyike motoni, akaigeuza kwenye mafuta mpaka ikabadilika rangi pande zote. Halafu akaiweka kwenye ile sufuria mpya, akaifunika, akaitoa roshani, akatia mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko kama watu wanavyooka keki. Kutoka chini mtaani zilipanda kelele za wachuuzi waliokuwa wakifunga meza, na wapagazi waliokuwa wakiomba njia. Alipika wali, akapika kabichi, akakata kachumbari. Kila baada ya muda alienda kuinama juu ya sufuria, asikilize.

Wanawake wa kwao hawachomi nyama. Wanapika, wanapakua, wanagawa, lakini nyama ikishakutana na makaa ni shughuli ya wanaume. Clotilda hakuwahi kuchoma hata mshikaki. Mwanamume wa nyumba alikuwa sebuleni na gazeti lake, amekwisha kusema hashiki kitu, na kumwomba mara ya pili hakutaka.

Magharibi ilipokaribia alienda kuoga. Alichelewa huko ndani kuliko alivyodhani. Hakuchelewa kwa maji, alichelewa mbele ya kioo. Alijiuliza ajifunike kichwa au asijifunike. Akijifunika, Mama Khalfani ataona heshima, lakini Elisaria ataona nini? Asipojifunika je? Alijitanda khanga kichwani, akajitazama, akaona mwanamke anayeomba radhi. Aliitoa. Akaona mwanamke mwenye mvi ambaye binti yake hamwambii habari zake. Aliirudisha, akaitoa tena, mwishowe akaiacha mabegani tu, mahali ambapo haikuwa jibu la swali lolote. Na hapo ndipo aliposikia harufu.

Ilikuwa harufu nzuri. Ilikuwa harufu ya harusi za kwao, ya Desemba, ya migombani wanaume wakiwa wamezunguka moto. Clotilda alitabasamu kabla hajaelewa kwa nini, na alipoelewa alikimbia.

Elisaria alikuwa amechuchumaa roshani mbele ya jiko. Alikuwa amevaa lile shati jeupe, mikono ameikunja mpaka viwiko. Mfuniko na makaa yake alikuwa ameuweka pembeni kwa ustadi, na nyama ilikuwa imegeuzwa, imeiva rangi nzuri ya kahawia, povu jeupe likichemka mgongoni mwake. Aliinua uso. Clotilda hakuwa ameuona uso ule kwa miaka mitatu, uso wa mwanamume aliye kwenye kazi anayoijua.

"Ilikuwa inakauka, Mama Vicky. Umeweka moto mkali sana juu. Nimeigeuza, nimeipunguzia makaa, nimeinywesha kidogo. Sikia inavyolia."

Clotilda aliitazama chupa ya bia mkononi mwa mumewe. Elisaria naye akayafuata macho ya mkewe mpaka kwenye chupa. Ilikuwa imebaki nusu.

Baba yake, kule Kibosho, alikuwa mchomaji wa ndafu aliyekuwa akiitwa na vijiji vitatu, na alichoma hivyo hivyo, funda moja lake, funda moja la mbuzi. Ndivyo alivyomfundisha Elisaria, na Elisaria hakujua kwamba nyama inaweza kukaa motoni bila kupewa kinywaji.

"Baba Vicky."

"Ee."

"Umefanya nini?"

Alikaa chini kabisa, kwenye saruji, na shati lake jeupe. "Mkono," alisema. "Mkono umekwenda wenyewe."

Clotilda alitaka kupiga kelele. Kama angefanya kwa ubaya, kelele zingepatikana tele. Lakini mtu huyu alikuwa amesema hashiki kitu, kisha akavaa shati mwenyewe, akatoka mwenyewe, akainama motoni ili nyama ya mtoto wake isikauke. Hilo ndilo lililomkata nguvu, na alihisi kumpenda na kumchukia kwa pamoja.

"Kilevi kinaondoka na mvuke," Elisaria alisema. "Ikishaiva hakuna pombe pale. Nani atajua?"

"Aliniuliza habari za sufuria. Sufuria tu. Nikamwapia."

"Basi tuwaambie. Niwaambie mimi."

"Uwaambie baba wa Anifa amemwaga bia kwenye chakula chao? Nani ataamini ni bahati mbaya? Baba ambaye hakufika harusini? Watasema ulikusudia. Na yeye ndiye atakayebaki nao kule, anasikiliza."

Mlangoni ikasikika sauti nyororo ya mwanamke mtu mzima, isiyo na haraka. "Hodi wenyewe."

Clotilda alikung'uta makaa ya mfuniko, akaurudisha, akaibeba sufuria kwa ncha za khanga yake, akaiweka sakafuni kona ya jikoni, akaifunika kwa khanga hiyo.

"Usiseme kitu," alimwambia mumewe.

Hilo lilikuwa rahisi, kwani ndilo alilokuwa ameahidi tangu mchana.

*

Mama Khalfani alikuwa mwanamke mnene, mweupe wa uso na mcheshi, amejitanda mtandio wa rangi ya zambarau. Nyuma yake aliingia Khalfani, mrefu, mwenye aibu, na nyuma ya Khalfani akaingia Victoria. Alikuwa amevaa baibui. Alikuwa amenenepa kidogo. Clotilda alimkumbatia, akasikia udi kwenye nguo zake, akashindwa kuipata ile harufu aliyoizoea.

"Shikamoo, baba," Victoria alisema.

"Marahaba," Elisaria alivijibu viatu vyake.

Halafu Clotilda akaliona hotpoti. Khalfani alikuwa amelibeba kwa mikono miwili, kubwa, la maua, na hakujua aliweke wapi.

"Kipilau kidogo tu," Mama Khalfani alisema. "Nimeona tusije mikono mitupu, mkwe wangu. Usitufikirie vibaya."

Clotilda alisema atafikiriaje vibaya, ni upendo huo. Moyoni alifikiria vibaya sana. Watu walioalikwa chakula hawaji na chakula. Huyu mama hakuwa ameamini habari ya sufuria mpya, au aliamini akaona bora awe na akiba, na kilichomuuma Clotilda zaidi ni kwamba akiba ile ilikuwa na kazi.

"Ila tumeisikia harufu tangu ghorofa ya kwanza," Khalfani alisema akijaribu kuchangamsha. "Anifa njia nzima anatuambia kuna nyama nzima nzima leo. Mimi mchana sikula, mama."

Victoria alicheka. Alikuwa akimtazama mama yake kwa macho yale ya mtoto aliyeleta wenzake nyumbani aone kama mama atamwaibisha.

"Nyama imeungua," Clotilda alisema.

Alijilazimisha kuendelea.

"Moto wa mkaa umenishinda. Nilikuwa naoga. Nisameheni sana. Kuna wali, kuna kabichi, tutakula hivyo hivyo."

Kicheko cha Victoria kilizimika. Elisaria alishika ukingo wa meza, akauachia. Mama Khalfani ndiye aliyeokoa, au aliyezamisha, itategemea ulikaa upande gani wa meza.

"Pole mwaya. Nyama nzima ina mambo yake, ukiipa kisogo tu imekwenda. Basi Mungu ndiye aliyejua kwa nini nilibeba hili." Akafungua hotpoti. "Anifa."

"Abee, mama."

"Mpakulie baba yako."

Clotilda alisikia lile neno, abee, jinsi lilivyotoka laini na limezoeleka. Victoria alizunguka meza akampakulia Elisaria pilau ya watu, pilau yenye mapaja ya kuku, kwenye sahani mpya ya mama yake. Elisaria alikula. Alikula yote, bila kuinua kichwa, kama mtu anayetumikia kifungo. Kila mmoja alipakuliwa pilau. Wali mweupe ulikaa katikati ya meza kwenye bakuli lake jipya, ukitoa mvuke, halafu ukaacha kutoa mvuke. Khalfani alichota kijiko kimoja kwa adabu, akakiweka pembeni mwa sahani. Kabichi aliionja Mama Khalfani, akasema ina ladha, akanawa mikono.

Walizungumza habari za maduka. Walizungumza bei ya fremu na makontena yaliyokwama bandarini. Mama Khalfani alisimulia jinsi Anifa alivyojifunza kupika visheti, na jinsi alivyo mtoto wa adabu, na kila aliposema "mwanangu huyu" Clotilda alitabasamu na kusema ndiyo. Alikaa kwenye kiti chake, kwenye nyumba yake, akila chakula cha mwanamke mwingine, akamsikiliza mwanamke huyo akimweleza habari za binti yake. Hakuwahi kuwa mpweke kiasi kile, hata siku ya harusi alipojifungia chumbani.

Elisaria aliinuka kwanza. Alisema anaenda kupunga upepo, akapita jikoni, akatoka roshani. Victoria akakusanya sahani.

"Ziache, mgeni hakoshi vyombo," mama yake alisema.

"Mimi si mgeni," Victoria alisema, akaingia nazo jikoni.

Clotilda alimfuata upesi, lakini alichelewa. Victoria alikuwa ameshazitua sahani, ameshaiona khanga kwenye kona, ameshafunua. Sarara ilikuwa pale, nzima, na uzi wake, inang'aa. Haikuwa na doa jeusi hata moja.

"Mama, hii haijaungua."

Clotilda alisukuma mlango wa sebuleni kwa mgongo.

"Nimekula kwako tangu nizaliwe, hujaunguza hata maharage." Sauti ya Victoria ilikuwa ya chini. "Kama hukutaka tule nyama yako ungesema. Kwa nini utuite? Unajua nimembembeleza yule mama muda gani? Nimemwambia mama yangu siku hizi amebadilika, twende ukamwone. Anabeba hotpoti nakasirika, namwambia mama utamuudhi. Kumbe yeye ndiye anayekujua."

Clotilda alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, na lingemsafisha mara moja. Lakini akilitoa lingeangukia kichwani kwa mtu aliyesimama nyuma ya mlango wa roshani, na kati ya baba na binti kulikuwa na uzi mmoja tu umebaki. Alinyamaza. Aliona uso wa mtoto wake unafungwa, na akaendelea kunyamaza.

Mlango wa roshani ulifunguka.

"Ni mimi," Elisaria alisema. Hakuingia, alisimama kizingitini, na nyuma yake taa za Likoma zilikuwa zimewaka. "Ilikuwa inakauka. Nikaimwagia bia. Babu yako alichoma hivyo, na mimi ndivyo ninavyojua. Sikukusudia, sikukumbuka tu. Mama yako alisema isije mezani."

Victoria alimtazama. Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyomwambia tangu aolewe.

"Wewe ndiye uliyeichoma, baba?"

"Niliigeuza."

"Nilidhani hutashika kitu."

"Nilishika," Elisaria alisema. Alirudi roshani akaufunga mlango taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Mama na binti wakabaki jikoni. Kutoka sebuleni walimsikia Mama Khalfani akimwambia mwanawe akae vizuri.

"Ungeniwekea tu nile," Victoria alisema baadaye. "Nisingejua."

"Ningejua mimi."

Victoria alifunika sarara. Aliitandaza khanga juu yake, akainyoosha pembe. Halafu akageuka kwenye jiko la gesi ambako sufuria ya wali ilikuwa imekaa, tupu, mwiko ndani. Akaivuta. Akapandisha mkono wa baibui, akaingiza vidole, akaanza kubandua ukoko chini ya sufuria. Ulitoka kipande kikubwa cha duara, kikavu, cha rangi ya dhahabu. Alikitia mdomoni. Akabandua kingine. Alikula amesimama, haraka, bila kusema, machozi yanamtoka na anakula, na Clotilda alisimama na mgongo mlangoni akisikiliza ukoko ukikatika menoni mwa mwanawe. Hakuthubutu kusogea. Alipomaliza, Victoria alisugua chini ya sufuria kwa kidole mara ya mwisho, akakilamba.

Alinawa uso kwenye sinki. Alipotoka sebuleni sauti yake ilikuwa kubwa na ya kawaida.

"Imeungua kweli, mama. Chini ni mkaa mtupu. Hata paka hali."

Khalfani alicheka kwa ahueni. Mama Khalfani alitikisa kichwa kwa huruma. "Basi mkwe wangu, siku moja nitakuja nikuelekeze. Nyama ya kuoka si mchezo."

"Nitashukuru," Clotilda alisema. Kuanzia siku hiyo, kwenye ukoo ule, angekuwa mama yake Anifa aliyeunguza nyama, na hadithi ingesimuliwa kwenye shughuli, na watu wangecheka. Alimtazama Victoria. Victoria hakumtazama, lakini alikuwa akijivutavuta kidole kama zamani alipokuwa akidanganya.

*

Walishuka mapema, Khalfani ana mzigo wa kupokea asubuhi. Mlangoni Mama Khalfani alimshika Clotilda mkono, akaubana.

"Siku nyingine usihangaike na nyama," alimwambia.

Clotilda hakujua kama ni upole au ni sindano, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Victoria alimkumbatia kwa haraka. Siku ya kurudi hakutaja. Kwenye ngazi sauti ya Mama Khalfani ilisikika ikisema, "Anifa, nishike, giza hili," na nyingine ikajibu, "Abee, mama, nipo." Clotilda alisimama pale mpaka chini bajaji ikawashwa, ikaondoka.

Aliporudi, Elisaria alikuwa amekaa mezani. Alikuwa ameitoa sarara kwenye sufuria, ameikata vipande vinene, ameviweka kwenye sahani mbili. Alikata vizuri, kama alivyofundishwa. Ndani ilikuwa laini, ina maji yake. Clotilda alikaa upande wa pili. Viti vitatu katikati yao vilikuwa bado vimevutwa nyuma, kama vilivyoachwa na wageni.

Elisaria alionja. Alitafuna muda mrefu.

"Wangeipenda," alisema.

"Wangeipenda."

"Sasa haji tena."

Clotilda alipanga vijiko, akavipangua. Mtaani mtu alikuwa akivuta mlango wa chuma wa duka, ukaburuzika mpaka chini.

"Amekula ukoko," alisema.

"Nani?"

"Mwanao. Jikoni, ulipofunga mlango. Ukoko wa wali wangu."

Elisaria aliweka uma chini. "Mwingi?"

"Wote."

"Wote?"

"Wote, Baba Vicky. Mpaka akalamba kidole."

Elisaria alifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika kidogo, kisha yakatulia. Alipoiondoa mikono aliacha kiti chake, akaja kukaa kwenye kingine, karibu na mkewe, akamwomba amsimulie tangu mwanzo, alisimama wapi, alianzaje, alitumia mkono gani. Clotilda alimsimulia. Alipofika mwisho, Elisaria alimwomba amsimulie tena.